MALI BILA DAFTARI: NAULI YA MBOZI MISSION NA HESABU YA TAIFA

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba, akiliona jina la Mbozi Mission katika safu hii, yamkini atajiuliza: mahali hapo palipo karibu na mpaka wa Zambia, mwendo wa takriban kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, panamhusu nini mtu ambaye shamba lake ni la mikarafuu na njia yake kuu ni bahari? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni fupi. Mbozi na Visiwani ni ncha mbili za kamba moja. Ikivutwa hii, hutikisika ile. Na kamba yenyewe ni nauli.

Makala haya yanakusudia kueleza neno moja tu, nalo ni hili: gharama ya kumsafirisha mtu na mzigo wake, pamoja na matumizi ya nyumba ya kawaida, ndizo habari za mwanzo kabisa za hali ya uchumi. Habari hizo humfikia mama anayekwenda gulioni kabla hazijamfikia Waziri. Ila kwa kuwa aghalabu haziandikwi, hupotea. Na zikipotea, viongozi huamua mambo kwa kutazama wastani, ilhali wananchi wanaishi kwa kutazama umbali.

Wengi walio nje ya Mkoa wa Songwe wanaijua Mbozi kwa ajili ya kimondo chake, pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka mbinguni na kulala Ndolezi, ambalo huenda ndilo mzigo pekee uliopata kufika wilayani humo bila kulipiwa nauli. Wenyeji wa Mbozi wanajijua kwa mambo mengine: kahawa, mahindi na maharage. Mbozi Mission, kama jina linavyoonyesha, ilianza kama kituo cha wamisionari wa Kimoraviani katika nchi ya Wanyiha, na mpaka leo hospitali iliyoko hapo huvuta watu kutoka vijiji vya mbali. Mkoa wa Songwe wenyewe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na makao yake makuu yakawekwa Vwawa.

Wilaya hii haikosi njia kubwa. Barabara kuu ya kwenda Zambia inaikata kati. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, nayo inapita humo. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, limelazwa kuelekea huko huko. Mtu akitazama ramani atasema kwamba hapana wilaya iliyobahatika zaidi. Lakini kupitiwa na njia si sawa na kufikiwa na njia. Baina ya lami na mlango wa mkulima pana kilomita za udongo ambazo ramani ya Taifa haizioni, na ambazo kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zikishika, hugeuka kuwa tope. Hapo ndipo nauli inapoanza kusema.

Tupige mfano, si kwa takwimu bali kwa kufahamishana tu. Tuseme gunia la mahindi la kilo 100 lanunuliwa mjini kwa shilingi 60,000, na kulitoa kijijini hadi mjini ni shilingi 5,000. Mkulima hubaki na 55,000. Mvua zikaharibu njia, mwenye gari akadai 8,000. Mkulima hubaki na 52,000. Bei ya mjini haikubadilika hata senti moja. Hakuna gazeti lililoandika, wala redio haikutangaza. Hata hivyo nyumba ile imepunguziwa kipato chake. Kisha mkulima yule yule anunuapo sabuni, chumvi, mafuta ya kula na mbolea, hukuta kwamba navyo vimebebwa na gari lile lile, na gharama imewekwa juu ya bei. Amekatwa wakati wa kuuza, akakatwa wakati wa kununua, na bado yeye mwenyewe hajapanda gari.

Sasa tuufuate mzigo unaotoka pande hizo. Mchele wa Mbeya, ambao akina mama wa Unguja wanaujua kwa harufu kabla ya kuujua kwa bei, hupita barabara ile ile hadi Dar es Salaam, ukashushwa, ukapakiwa chomboni, ukavuka bahari, ukashushwa tena. Kila mkono unaougusa unalipwa. Mwenye kulima hulalamika kwamba anauza kwa bei ya chini, na mwenye kula hulalamika kwamba ananunua kwa bei ya juu, na wote wawili husema kweli. Aliyekaa baina yao ni umbali, naye hana duka wala bango la bei.

Hata ule ubaya unaoitwa lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa na kushonewa kilemba juu ya mdomo wake, una uhusiano na jambo hili. Sheria ya vipimo inaukataza, na Wakala wa Vipimo hukamata wanaoutenda. Lakini maadamu mzigo unalipiwa kwa gunia badala ya kilo, mfanyabiashara ana sababu ya kulinenepesha gunia, kwa maana kila debe la ziada husafiri bure. Anayelipa nauli ya debe hilo ni mkulima, kwa jasho lake. Mtu akiangalia lumbesa kama kosa la tabia peke yake, ataona nusu ya jambo. Nusu ya pili ni hesabu ya usafiri.

Serikali yetu ilipata kulitambua tatizo la umbali na ikajaribu kulifuta kwa amri. Kuanzia msimu wa 1974/75 mahindi yalipangiwa bei moja kwa nchi nzima. Mkulima wa Mbozi alilipwa sawasawa na mkulima wa Morogoro, na gharama ya kusafirisha ikabebwa na Shirika la Taifa la Usagaji. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Mikoa ya Mbeya, Iringa, Ruvuma na Rukwa, iliyokuwa mbali na masoko, ilipanda mahindi kwa nguvu mpya hata ikawa ghala la chakula la nchi. Hayo ni mafanikio ambayo hapana mtu wa haki atakayeyakana. Lakini umbali haukufutika. Ulihamishwa tu kutoka katika mfuko wa mkulima kwenda katika madeni ya Shirika, na madeni hayo yakakua hadi yakalemea mabenki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango ule ulikuwa umekwisha, na mkulima wa kusini akakutana tena uso kwa uso na kilomita zake.

Somo la habari hiyo si kwamba bei moja ilikuwa kosa, wala si kwamba ilikuwa sahihi. Somo ni kwamba gharama isiyoandikwa haifi. Hujificha mahali, ikanenepa, na siku ikitoka hutoka kwa kishindo.

Reli nayo ina somo lake. TAZARA ilijengwa ili ibebe tani milioni mbili kwa mwaka, lakini katika mwaka wa 2014/15 ilibeba takriban tani 88,000 tu. Mzigo uliotoka relini haukubaki nyumbani. Ulihamia barabarani, na msafara wa malori ya Tunduma ni ushahidi wa kila siku. Mwezi Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini huko Beijing makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Twaomba heri. Lakini swali la kuuliza reli itakapofufuka si la tani peke yake. Tuulize pia: je, nauli ya gunia la Mbozi imeshuka? Nani atajua, ikiwa nauli ya leo haikuandikwa?

Na tuitazame nauli ya abiria. Watanzania wengi wanalitaja neno daladala kila siku bila kukumbuka kwamba wanataja bei. Mwaka 1983 Serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kuchukua abiria Dar es Salaam, kwa kuwa mabasi ya Shirika la UDA hayakutosha, nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu walikuwa wakiiita dala. Jina la sarafu likawa jina la gari, likavuka bahari hadi Unguja na Pemba. Mwezi Desemba 2023 nauli ya juu ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 iliwekwa kuwa shilingi 600, yaani mara 120 ya dala ile. Sarafu yenyewe imetoweka, jina limebaki. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya bei iliyodumu kuliko nyingi zilizomo katika makabati ya ofisi.

Kwa safari ndefu, nauli ya juu ya basi la daraja la kawaida katika barabara ya lami ilikuwa shilingi 36.89 kwa kila kilomita tangu mwaka 2013. Mwezi Mei 2022, baada ya mafuta kupanda duniani kote kwa sababu ya vita vya Urusi na Ukraine, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliipandisha kuwa shilingi 41.29, na mwezi Desemba 2023 ikaipandisha tena kuwa 48.47. Senti hizo zinaonekana ndogo mpaka zizidishwe. Kwa mwendo wa kilomita 900, nauli ya juu iliyokuwa shilingi 33,201 ikawa 37,161, kisha 43,623. Katika muda usiotimia miaka miwili imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 31. Ni kweli kwamba ilikuwa imekaa miaka tisa bila kuguswa, na ni kweli kwamba Serikali ilitoa ruzuku ya mafuta ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni 2022 ili kupunguza makali. Ingalikuwa si hivyo, mambo yangalikuwa mazito zaidi. Lakini mfuko wa msafiri hauhesabu sababu, huhesabu shilingi.

Linganisha na takwimu hii. Uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulikadiria kwamba mtu mzima Tanzania Bara alihitaji shilingi 49,320 kwa mwezi ili apate mahitaji ya msingi, na kwamba asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini ya kiwango hicho. Vijijini ilikuwa asilimia 31.3. Bei zimekwisha kupanda tangu wakati ule, na hesabu hizi mbili si za mwaka mmoja. Hata hivyo msomaji ataona ukubwa wa jambo: safari moja ya kwenda pwani inakaribia kula riziki ya mwezi mzima wa mtu aliye ukingoni mwa umaskini. Mtu wa namna hiyo hasafiri. Na asiyesafiri hatafuti soko bora, hamwoni mganga mapema, wala hamfikii ndugu aliyefiwa.

Twende kwenye hesabu ya Taifa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima mfumuko wa bei kwa kutumia kikapu cha bidhaa na huduma 383, na bei zake hukusanywa kila mwezi katika makao makuu ya mikoa ya Bara. Katika kikapu hicho chakula na vinywaji visivyo vileo vina uzito wa asilimia 28.2, na usafiri una asilimia 14.1. Yaani usafiri umepewa nusu kamili ya uzito wa chakula, na katika kila shilingi saba zinazotumika, moja ni ya njiani. Zanzibar ina kikapu chake, kinachoshughulikiwa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Kazi hiyo ni ya heshima na yafanywa kwa utaratibu unaokubalika duniani. Hesabu yake kwa Bara ilionyesha kwamba bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 4.3 mwaka 2022, na 3.8 mwaka 2023. Kwa nchi nyingi za wakati huo, hayo yalikuwa matokeo ya kujivunia.

Lakini wastani una tabia yake. Mtu aliyetia mguu mmoja katika maji ya moto na mwingine katika maji ya baridi, kwa wastani hana shida. Bei zinazochukuliwa Vwawa mjini ni bei za kando ya lami. Nauli ya bodaboda kutoka lami hadi kijijini ni ya mapatano. Hupanda jua likizama, hupanda njia ikiteleza, hupanda abiria akiwa mgonjwa. Hakuna mamlaka inayoipangia kikomo, na mara nyingi hakuna anayeiandika. Nayo, kwa kila kilomita, ni ghali kuliko nauli ya basi.

Mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alichapisha mwaka 1857 uchunguzi wake juu ya bajeti za familia 153 za Ubelgiji zilizokusanywa na Ducpétiaux, akaonyesha jambo ambalo mpaka leo halijatanguka: kadiri nyumba ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda kwenye chakula. Twaweza kuongeza kutokana na yale tunayoyaona nchini mwetu: nyumba maskini iliyo mbali, nauli ikipanda, haina mahali pa kuikata ila katika chakula, au katika safari yenyewe. Hukata kwa mpangilio unaojulikana. Kwanza huacha nyama, ikabaki na dagaa na maharage. Kisha sukari hununuliwa kwa kijiko badala ya kilo. Kisha mtoto wa shule hutembea. Mwisho, na hilo ndilo zito, mgonjwa huambiwa angoje kidogo aone kama atapata nafuu.

Hapo ndipo Mbozi Mission inapotufundisha. Hospitali haina budi kungoja mgonjwa afike. Haiwezi kuona nauli iliyomchelewesha. Mganga huandika ugonjwa, mhasibu huandika malipo, lakini hapana safu ya daftari inayosema: huyu alikawia siku nne kwa kukosa nauli ya pikipiki. Kwa afisa wa mipango hiyo ingekuwa habari yenye thamani kuliko kurasa nyingi za taarifa.

Wala Visiwani si tofauti. Mtu wa Tumbatu avukaye kwenda Mkokotoni, mchuma karafuu atokaye shamba kuelekea mji wa Wete, mzazi wa Pemba mwenye mwana anayesoma Unguja, wote wana kilomita zao za udongo, ila zao ni za maji. Upepo ukikataa, nauli hubadilika au safari haipo. Kwa hiyo tunapoomba kwamba umbali uandikwe, hatuwaombei watu wa Songwe peke yao.

Je, jambo hili lawezekana? Lawezekana, kwa sababu katika mafuta tayari linafanyika. Kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila mji, na mtu wa Tunduma husoma bei ya Tunduma, si ya Dar es Salaam. Tofauti baina ya bei hizo mbili iko wazi kwa kila mwenye macho. Kwa upande wa Zanzibar, ZURA nayo hutangaza zake. Ikiwa umbali wa lita moja ya dizeli unaweza kuandikwa na kutangazwa, kwa nini usiandikwe umbali wa gunia la mahindi na wa mama mjamzito?

Tunatoa mapendekezo matatu, na yote ni ya gharama ndogo. La kwanza: kila halmashauri ichague njia chache zisizobadilika, kwa mfano kijiji hadi lami, lami hadi hospitali, kijiji hadi gulio, na Visiwani gati hadi gati, iandike nauli ya mtu na ya gunia katika tarehe moja ya kila mwezi, kisha ibandike hesabu hiyo kwenye mbao za matangazo. La pili: bei ya bidhaa tano au sita za lazima ziandikwe kijijini siku ile ile zinapoandikwa mjini, ili tofauti ionekane. La tatu: katika kila wilaya nyumba chache zitakazokubali zipewe daftari la matumizi, nazo zisaidiwe kulijaza mwaka mzima, msimu wa mavuno na msimu wa njaa. Uchunguzi wa kaya wa Taifa ulifanyika mwaka 1991/92, 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Ni kazi kubwa na haiwezi kufanywa kila siku. Lakini njaa na nauli hazingoji miaka sita.

Wapo watakaosema kwamba kuandika bei hakuzishushi. Ni kweli, kipimajoto hakiponyi homa. Lakini hapana mganga mwenye akili anayekitupa kwa sababu hiyo. Afisa atakayeona kwamba nauli ya kijiji fulani hupanda maradufu kila Februari atajua ni daraja gani la kulijenga kwanza. Mkulima atakayeona bei ya mjini na nauli zimeandikwa pamoja atajua kama dalali anamweleza kweli. Na mlaji wa Visiwani atajua ni sehemu gani ya bei anamlipa mkulima, na ni sehemu gani anailipa njia.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakimwonya mfanyabiashara mmoja mmoja. Taifa nalo lina mali, na sehemu kubwa ya mali hiyo ni nguvu za watu wake walio mbali. Kila asubuhi baadhi ya nguvu hizo zinamwagika baina ya mlango wa nyumba na ukingo wa lami, na jioni hapana aliyeandika. Tuanze kuandika.